Likizo ya Siku 14, Matibabu ya Siku 25

Ndugu wafanya kazi wa Malindi, Watamu, Kilifi na Vipingo,

Katika toleo hili twataka kusema nanyi habari ya mashine moja na sheria moja. Mashine ni ile itibuyo saratani kwa mionzi. Sheria ni ile ya likizo ya ugonjwa. Mtu mzima wa afya ataona mambo haya mawili hayahusiani. Lakini mfanya kazi aliyepatwa na saratani ajua kwamba yamefungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo yamkaba yeye.

Mionzi si kitu kigeni kwa pwani hii. Tarehe 12 Desemba, 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya Uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini hapo Ngomeni. Ikapewa jina la Uhuru, nayo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kutafuta eksirei zitokazo katika nyota. Basi mbele ya macho ya wavuvi wa Ngomeni, wataalamu waliifuata mionzi mpaka mbinguni. Lakini mgonjwa wa Ngomeni aliyehitaji mionzi kwa kutibiwa, kwa miaka mingi hospitali ya Serikali yenye kazi hiyo ilikuwa moja tu, nayo ni ya Kenyatta, Nairobi, safari ya kilomita 600 hivi. Wengi hawakwenda. Wengine walikwenda wamechelewa.

Mashine inayotumiwa siku hizi huitwa linaki. Kuna wanaodhani ni uchawi. Si uchawi, ni kazi kama kazi nyingine. Ndani yake mna bomba la shaba lililotolewa hewa yote. Upande mmoja, elektroni, yaani vile vipande vidogo mno vya umeme, hutoka katika chuma kilichopashwa moto. Kisha mawimbi yaliyo jamaa ya mawimbi ya redio huzisukuma mbele. Fikirini mkokoteni katika njia ya sokoni, na mahamali wamejipanga kando. Kila mmoja, unapompitia, ausukuma mara moja kwa wakati wake. Wa kwanza auondoa kwa shida, wa mwisho aukuta unakimbia. Ndivyo elektroni zinavyoongezewa nguvu, hata mwendo wake ukakaribia mwendo wa nuru. Mwisho wa njia zagonga kipande cha chuma kizito, na hapo hutoka eksirei zenye nguvu kupita sana zile za kupigia picha ya mfupa.

Aliyeonyesha kwanza kwamba jambo hili lawezekana ni Rolf Widerøe, mhandisi wa Norway, mwaka 1928. Wataalamu wa fizikia wakaikuza njia yake. Huko California, Marekani, walijenga mashine yenye urefu wa kilomita 3, ikaanza kazi mwaka 1966, na kwa kuzigongesha elektroni wakapata ushahidi kwamba protoni nayo ina vitu vidogo zaidi ndani yake, viitwavyo kwaki. Mashine fupi, ya kuenea chumbani, ikapelekwa hospitalini. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa London, katika Hospitali ya Hammersmith, mwaka 1953. Kwa hiyo hatuombi jambo la kujaribu. Kazi hii ina umri zaidi ya miaka 70.

Sasa sikilizeni jinsi inavyotibu, kwa sababu hoja yetu yote iko hapa. Mashine humzunguka mgonjwa aliyelala, ikapeleka mionzi kutoka pande mbalimbali, ili uvimbe upate sehemu kubwa na nyama nzima zipate kidogo. Mionzi huziharibu chembe za saratani hata zisiweze kuzaana. Lakini chembe nzima nazo huumia. Kwa hiyo matibabu hayatolewi yote kwa siku moja. Hugawanywa, ili nyama nzima zipate nafasi ya kupona baina ya siku na siku. Kila mara ni dakika chache tu, lakini ni siku 5 kila wiki, na kwa saratani nyingi huendelea kwa wiki 5 hata 7. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi huandikiwa siku 25, tena huongezewa mionzi mingine itolewayo kwa ndani. Mgonjwa akikatiza katikati, saratani yapata nafasi ya kuota tena, na tumaini la kupona lapungua.

Siku 25, basi. Tuitazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema kwamba mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili kazini ana haki ya kupewa, katika kila mwaka, likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na baada yake siku 7 kwa nusu mshahara. Jumla siku 14. Kumi na nne katika ishirini na tano zabaki kumi na moja. Na hapo hatujahesabu siku za vipimo, siku za kungoja zamu, wala siku za kulala kwa uchovu matibabu yakiisha.

Tuchukue mfano wa mama mpishi katika hoteli ya Watamu. Leo hana haja ya kwenda Nairobi. Hospitali ya rufaa ya Pwani hapo Mombasa, ambayo wenyeji huiita Makadara, ina kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi. Jambo hili ni jema, nasi twalishukuru. Lakini kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kilomita 120, kutoka Kilifi ni 60. Je, mama huyu apande matatu kila alfajiri na mwili wake mgonjwa, arudi jioni, siku 25? Au apange chumba Mombasa? Kwa fedha ipi, na nusu mshahara nao umekoma? Mama atafanya kama wafanyavyo maskini wote. Siku zake za likizo zikiisha, atarudi jikoni.

Kuna watakaotujibu kwamba bima ipo. Ndiyo, ipo. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa Mfuko wa Bima ya Afya ya Jamii, na mwajiri hatakiwi kuongeza hata senti moja juu yake. Lakini mfuko huo hulipa hospitali. Haulipi mshahara uliopotea, wala nauli, wala chumba.

Waajiri nao watasema kwamba biashara ya wageni ni ya msimu, na chumvi na mkonge bei yake yapanda na kushuka. Twayajua hayo, maana msimu ukiwa mbaya sisi ndio wa kwanza kuachishwa. Lakini hatusemi habari ya kila mtu. Kwa makisio ya mwaka 2020, watu 42,000 hivi walipatwa na saratani katika Kenya nzima, na 27,000 hivi walikufa. Ni wengi mno kwa msiba, lakini ukigawanya kwa mahali pa kazi ni mmoja hapa na mmoja pale. Kumlipa mmoja huyo wiki chache zaidi hakufilisi hoteli.

Wala tusiwalaumu waajiri peke yao. Sisi wenyewe katika mapatano tumepigania posho ya nyumba, nguo za kazi na saa za ziada, na habari ya mgonjwa wa mionzi hatukuitia mdomoni. Kosa hilo ni letu.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kwanza, kila mapatano mapya yawe na kifungu kwamba mfanya kazi aliyeandikiwa mionzi alipwe mshahara kamili mpaka siku ya mwisho ya matibabu, na kazi yake imngoje. Pili, Serikali ya Kaunti ya Kilifi ipange nyumba Mombasa, karibu na hospitali, wagonjwa wetu walale bure. Tatu, mashine itunzwe. Uganda, mwaka 2016, mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika, na nchi nzima haikuwa na nyingine. Linaki yataka umeme usiokatika, maji ya kuipoza, na mafundi wanaoijua. Tusingoje ife ndipo tulie.

Nne ni juu yetu. Akina mama wakapimwe mapema, na aonaye uvimbe asiufiche kwa kuogopa kufukuzwa. Aje kwa karani wa tawi, tutakwenda naye kwa mwajiri.

Mashine imekwisha kufika Mombasa. Kilichobaki ni kumwezesha mgonjwa akae mbele yake siku zote 25.

Umoja ni nguvu.