Tumbo imefungwa, ugonjwa umebaki ndani

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama ambao munatungojea Butembo, Beni, Njiapanda na Manguredjipa, leo hatuongei bei ya dhahabu. Tunaongea tumbo.

Mtu anaweza kucheka. Lakini kule kwenye mashimo kila mmoja anajua: kama unaharisha, haushuki, na kama haushuki, siku ya kugawa mchanga jina yako haimo. Basi vijana wetu wamejitafutia njia. Wanameza loperamide. Kidonge kimoja asubuhi, viwili kama zamu ni ya usiku, kisha wanashika kamba. Wale wanaouza sigara, betri na biskuti pembeni ya shimo wanauza na hiyo dawa pia, kidonge kimoja kimoja kilichokatwa kwenye plaketi, bila karatasi yake, bila kuuliza mtu ana shida gani.

Sisi wa sindika hatusemi kama dawa hiyo ni mbaya. Loperamide ilipatikana Ubelgiji, katika maabara ya Janssen, mwaka 1969, na wengi wanaijua kwa jina la Imodium. Ni ndugu wa mbali wa morfini. Inashika mishipa ya fahamu iliyo ndani ya ukuta wa utumbo na kuipunguzia mwendo. Chakula kinapita polepole, na maji yanapata wakati wa kurudi mwilini. Kwa kipimo cha kawaida haifiki kwenye ubongo, ndiyo maana hailevyi. Mtu mzima ambaye amekula kitu kibaya, hana homa, hana damu kwenye choo, na yuko na safari ya pikipiki toka Butembo mpaka Manguredjipa, inaweza kumsaidia kweli. Vidonge viwili vya miligramu 2 mara ya kwanza, kisha kimoja kila baada ya kuharisha, visipite vinne kwa siku. Siku mbili zikiisha bila kupona, munganga amwone. Kazi yake inaishia pale.

Shida iko hapa: kidonge hicho hakiui mdudu hata mmoja. Kinafunga mlango tu. Kama choo iko na damu na homa imepanda, ule ni ugonjwa wa kuhara damu, na kufunga tumbo wakati ule ni kumfungia mwizi ndani ya nyumba pamoja na watoto. Sumu inabaki, utumbo unavimba, unaweza hata kutoboka. Kwa kipindupindu ni vingine tena, na ni vibaya zaidi. Mgonjwa mzito anaweza kupoteza karibu litre moja ya maji kwa saa. Akimeza loperamide, maji hayarudi kwenye damu. Yanajaa ndani ya utumbo na kungojea pale. Wenzake wanaona haendi tena porini, wanasema amepona. Kumbe mwili unakauka. Mtu wa namna hiyo ukimshusha ndani ya shimo lenye joto na hewa kidogo, atakayepanda naye kwa kamba atakuwa amebeba maiti.

Kivu yetu haihitaji kufundishwa mambo haya na mgeni. Mwezi wa 7 mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma, karibu watu 50.000 walikufa katika mwezi wa kwanza tu, wengi kwa kipindupindu, kisha kuhara damu kukafuata. Ule mdudu wa kuhara damu ulikuwa umekwisha kuzoea dawa nyingi zilizokuwa kwenye masanduku. Waliopona kipindupindu waliokolewa na maji, ya kunywa ao ya serumu.

Na sisi wa Beni na Butembo tuko na jeraha letu wenyewe. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikaanza kujulikana Mangina, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Wagonjwa 3.470, wafu 2.287. Ebola inaanza kama malaria, kisha inakuwa tumbo: kutapika na kuharisha bila kukoma. Tunakumbuka woga wa siku zile. Watu walikimbia vituo vya matibabu, wakanunua dawa kwenye farmasi ndogo za kartie, wakapigwa serumu kwenye vyumba vya nyuma, na ugonjwa ukatembea kupitia vyumba vile vile. Ebola imerudi tena mwaka 2021, mara mbili, upande wa Butembo na upande wa Beni. Kwa hiyo mtu ambaye anaficha kuharisha kwake siye anayejificha peke yake. Ekipe nzima iko pamoja naye: wanalala chini ya shitingi moja, wanakunywa kwenye bidoni moja.

Sasa, dawa ya kweli ni gani? Inadharauliwa sababu haina uchungu na haina rangi. Ni SRO, pakiti moja ndani ya litre moja ya maji safi. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko India, munganga Dilip Mahalanabis aliishiwa serumu. Akachanganya maji, chumvi na glukozi ndani ya mapipa, akawapa ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe. Kabla ya hapo, wagonjwa karibu 30 kati ya 100 walikuwa wanakufa. Wakashuka chini ya 4. Pakiti ikikosekana, tia ndani ya litre moja ya maji yaliyochemshwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kulingana, visirundikwe. Onja kwanza: isipite chumvi ya machozi. Utaendelea kuharisha, ndiyo. Lakini hutakauka, na kufa kunatokana na kukauka.

Wamama, hapa tunawaomba sana. Loperamide hata nusu kidonge msimpe mtoto mdogo. Utumbo wake unaweza kusimama kabisa, anavimba tumbo, analala usingizi ambao si wa kawaida. Mtoto anapewa SRO kijiko kwa kijiko, akitapika munangoja dakika 10 kisha munaanza tena. Titi haikatwi, chakula haikatwi. Anapewa pia zinki siku 10 mpaka 14: miligramu 20 kwa siku, ao 10 kama hajafika miezi 6. Macho yakiingia ndani, ao akishindwa kunywa, ni barabara ya kituo cha afya, usiku ao mchana.

Kuna na upande mwingine ambao wanaume wanaona haya kuutaja: choo kufunga. Siku nne, tano, hakuna kitu. Mtu anatoka jasho siku nzima, maji anakunywa kidogo, anakula bugali kavu. Halafu kuna tramadol, ambayo vijana wanameza ili mgongo usiume na usingizi usije. Tramadol ni wa jamii moja na morfini, na jamii hiyo yote inasimamisha utumbo. Wengine wanachanganya tramadol na loperamide siku moja, kisha Jumapili wanatafuta bisakodili ya kufungua. Wanafunga, wanafungua, kama vile tumbo ni mlango wa baa! Na wale wanaorundika loperamide wajue kwamba mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitoa onyo: ikizidi sana inaharibu mapigo ya moyo, mtu anaanguka na kufa. Kwa choo kilichofunga, anza na maji mengi, maembe, papai, maharagi, sombe. Bisakodili si ya kila juma. Na kama tumbo imekuwa ngumu, inauma sana, unatapika na hata hewa haitoki, usimeze kitu cha kufungua. Inaweza kuwa utumbo umeziba, ao tifoidi imetoboa. Pale ni kazi ya kisu, hospitalini.

Tumesema mengi juu ya vidonge, lakini vidonge havikujileta vyenyewe kwenye machimbo. Vimekuja sababu mto tunaooshea mchanga ni ule ule tunaokunywa, na pori tunalokwenda ni juu ya mto huo. Tangu Kode ya migodi ya mwaka 2018, mchimbaji mdogo anapashwa kuwa ndani ya kooperative. Vizuri. Basi kooperative zinazopokea michango zichimbe vyoo, metre 30 kutoka maji, na chini yake, si juu yake. Ziweke bidoni ya maji yenye klori kwenye mdomo wa kila shimo, na sanduku la SRO karibu na kamba. Ni vitu vya bei ndogo kuliko mafuta ya mota ya kuvuta maji.

Kwa PDG wa mashimo tunaomba kitu kimoja, na hatutakiacha: anayeharisha apande juu, na fungu lake la siku tatu libaki. PDG atakayesema siku tatu ni mingi, ahesabu siku ambazo shimo linalala wakati ekipe nzima imeugua. Mpaka fungu hilo likubaliwe, kijana atameza tu, hata tukiandika kila juma.

Na sisi wenyewe tuanze asubuhi ya kesho. Kabla ya kamba kushuka, kapita aulize kwa sauti: nani anaharisha? Atakayenyoosha mkono asichekwe, na jina lake lisifutwe kwenye daftari.