Staa, fundi umemfukuza bure!

Leo sina ubuyu, nina dukuduku tu.

Juzi imezunguka ile video ya staa wetu mmoja, jina naliacha maana wengi mnamjua, akiwa gereji na Datsun 240Z aliyoachiwa na marehemu baba yake. Fundi kachomeka bisibisi pembeni ya paneli ya mlango, kavuta, kraa! Paneli ikapasuka. Staa kampandishia mbele ya kamera na kumfukuza hapohapo, hata nauli hakumpa. Kwenye maoni watu wanacheka tu: "fundi maiko huyo!"

Mimi nasema hivi: fundi kakosea, ila kosa kubwa ni la bosi.

Kwanza tujue hiyo ni gari gani. 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Yaani plastiki na ngozi bandia za ndani zimeshapigwa na jua miaka 50 na kitu. Zimekauka kama biskuti. Dashibodi za gari hizo zinajulikana kwa kupasuka zenyewe, hata hujazigusa. Na usidhani utaenda Kariakoo ukachukua paneli kama unachukua ya Vitz.

Halafu paneli za ndani zimebana kwa makusudi, ili zisipige kelele barabarani. Ukivuta kwa nguvu, klipu haiachii. Kinachoachia ni paneli yenyewe.

Nayajua haya kwa sababu na mimi nilishamvunjia mjomba paneli ya gari yake ya zamani, kwa bisibisi na haraka hiyohiyo. Mjomba hakunifukuza. Alimwita fundi mmoja mzee, akaniambia, "Kaa hapo, tazama."

Yule mzee alianza na mkono wa kupandishia kioo. Huoni skrubu; nyuma yake kuna klipu ndogo iliyopinda kama kiatu cha farasi. Akapitisha kitambaa kwa nyuma, akakivuta huku na huku mpaka klipu ikaruka, mkono mwingine ukiidaka isipotee. Akafungua skrubu za sehemu ya kuegemezea mkono. Ndipo akaigusa paneli. Alitumia kipande bapa cha plastiki, akaweka kitambaa chini yake rangi isichubuke, akapapasa kutafuta klipu mojamoja. Kila alipoipata, alibenua palepale ilipo, si katikati ya klipu na klipu. Palipokuwa na plastiki ngumu alipapasha joto kwanza kwa drayer ya saluni, ilegee kidogo. Kila skrubu aliitia kwenye mfuko wake na kuandika imetoka wapi. Mlango mmoja ulimla asubuhi nzima.

Sasa rudini kwenye video, msikilize vizuri kabla ya ile kraa. Kuna sauti inasema, "Chapchap bwana, watu wako laivu!" Hiyo sauti si ya fundi. Ni ya staa mwenyewe.

Fundi anayelipwa kwa siku, bosi kamsimamia na simu usoni, atasema nini? Atasema subiri nikatafute kitambaa? Angesema hivyo mngemcheka vilevile. Leo kijana wa watu anaitwa maiko mtaa mzima, nani atampa gari tena?

Ushauri wangu kwa staa: mrudishe fundi, mlipe siku yake, mpe na muda. Hiyo paneli usiitupe, fundi wa viti anaweza kuitumia kama kipimo cha kukatia nyingine. Na siku ya kufungua mlango wa pili, zima kamera. Gari ya marehemu baba si ya kutafutia kiki.

Nyie mnaonaje? Nani wa kulaumiwa hapo? Matusi tuyaweke pembeni.