Mafuta ya Kupikia kwa Nguvu ya Mkono

Katika nchi jirani ya Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamulia mafuta ya alizeti. Haihitaji umeme wala dizeli. Mpini mrefu husukuma pistoni, nayo hushindilia mbegu ndani ya silinda yenye nyufa nyembamba. Mafuta hutiririka kupitia nyufa hizo, na mashudu hutokea mwishoni. Kazi hiyo huchosha. Askari aliyezoea kubeba bunduki aushike mpini huo, mama asiachiwe peke yake.

Wengi huilaumu mashine kwa kutoa mafuta kidogo, kumbe kosa li katika mbegu. Ganda nene hunyonya mafuta. Ifaayo ni alizeti ya ganda jembamba na laini. Mbegu zianikwe juani, zikamuliwe zingali na joto. Mafuta yaachwe yatuame, kisha yachujwe kwa kitambaa safi.

Mashudu ya alizeti ni chakula chema cha kuku. Lakini akamuaye karanga awe na hadhari kubwa. Mwaka 1960, huko Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Sumu yake, aflatoksini, hudhuru ini la binadamu pia, na moto wa jikoni hauiondoi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa kabla ya kukamua, hata gunia likipungua nusu. Wala kuku wasipewe.