Tangazo liandikwe kwa maneno, picha zifuate

Huku Lubumbashi, familia zilizokimbia mapigano ya Mitwaba na Pweto na kupanga vyumba Ruashi au Katuba, mara nyingi hupata habari kupitia simu ya mtu mmoja. Kijana wa nyumba anapokea barua pepe ya shirika: siku ya kugawa chakula, mahali, karatasi za kuleta. Anafungua. Anaona jina la shirika, rangi nzuri, halafu kisanduku cheupe. Tangazo lenyewe limetumwa kama picha, na mega zimeisha.

Ukurasa mmoja wa maneno matupu una kilobaiti 3 au 4 tu. Ukurasa uleule ukipigwa picha kwa mashine ya ofisi unaweza kufika mega moja, na picha ikifungwa ndani ya barua pepe uzito wake huongezeka karibu theluthi. Anayelipia urembo huo ni yule anayenunua mega za siku moja.

Kwa kipofu hali ni mbaya zaidi. Simu nyingi za Android zina TalkBack, inayosoma maneno kwa sauti. Ikikutana na maneno yaliyogeuzwa picha, mara nyingi haina cha kusoma. Na nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu!

Maneno matupu hunakiliwa mara moja, yakatumwa kwa SMS ya herufi 160 au yakasomwa redioni jinsi yalivyo. Picha lazima mtu aiandike upya, na hapo tarehe 12 hugeuka 21. Mama anatembea bure na mtoto mgongoni.

Maofisi husema nembo na muhuri vinazuia matapeli. Matapeli wapo kweli, lakini nembo hunakiliwa na yeyote kwa dakika moja. Kinachosaidia zaidi ni namba ya simu inayojulikana mtaani, ya kuulizia kama tangazo ni la kweli.

Wala hakuna anayelazimishwa kuacha mapambo. Tangu 1992 kanuni za barua pepe zinaruhusu barua moja kubeba sura mbili, ya maneno na ya mapambo, na simu ikachagua. Ila watumaji wengi huacha ile ya maneno tupu, au huweka mstari mmoja: “Fungua barua hii kwenye intaneti.” Kwa mega zipi?

Siku, saa, mahali na karatasi za kuleta viandikwe juu kabisa. Muhuri ubaki chini.