Tumlinde Mwalimu Anayekataa Kuandika Alama za Uongo



Katika gazeti letu hili tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba, saa za kazi na wenzetu walioachishwa. Mambo hayo ni yetu na lazima tuyaseme. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya alama za watoto wetu shuleni, hasa huku kwetu Kitui na Makueni. Pengine mwenzangu atauliza, "Alama za shule zina nini na chama cha wafanya kazi?" Nitamjibu. Kila alama ina mtu aliyeiandika na kuitia sahihi, na mtu huyo ni mfanya kazi kama wewe na mimi. Akiandika uongo kwa kupenda kwake, amemwibia mtoto wa mfanya kazi. Akiandika uongo kwa kuamriwa na mkubwa wake, yeye mwenyewe ameonewa kazini. Kwa hiyo jambo hili linakihusu chama mara mbili.

Kwanza tuelewane ni alama zipi. Sisemi habari za karatasi za mtihani wa mwisho. Hizo zimepata ulinzi. Mwaka 2015 wizi wa mitihani ulienea mpaka matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE yakafutwa. Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i na Profesa George Magoha, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Mitihani, wakaibana njia ile. Karatasi zikatiwa ndani ya makontena ya chuma, kufuli mlangoni na askari nje. Waliopata A mwaka ule walikuwa 141 tu katika Kenya nzima, na mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,000. Hesabu hiyo haihitaji maelezo.

Lakini ziko alama nyingine ambazo hazilali katika kontena. Ni alama za kazi ambayo mtoto huifanya shuleni muda wa miezi, na mwalimu wake mwenyewe ndiye anayeipima na kuipeleka kwa Baraza. Mtoto wa kidato cha nne anayesoma Kilimo hupewa mradi: apande mboga au nafaka, au afuge, na aandike katika daftari kila alilolifanya, tangu kutayarisha shamba mpaka kuvuna. Wa Kompyuta naye ana mradi wake, na wa useremala ana wake. Katika mtaala mpya kazi za namna hii zimeongezeka. Watoto wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka 2025, na katika kila alama 100 zao, 20 zilitokana na kazi waliyopimwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Nyingine 20 zilitoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na 60 katika mtihani wenyewe. Kwa jumla hiyo mtoto hupangiwa shule ya kuendelea.

Basi alama 20 si kitu kidogo. Na wezi wamejua kwamba mlango wa kontena umefungwa, lakini mlango wa shamba la shule uko wazi.

Namna ya wizi wenyewe wazazi wengi wanaijua. Shamba halikulimwa, na alama zimeandikwa. Tuta moja la sukuma lililonyweshwa na mtoto mmoja limekuwa mradi wa darasa zima. Kiti kimetengenezwa na fundi wa sokoni, kikaletwa shuleni kwa boda boda, mtoto akaandika jina lake chini yake. Mradi wa kompyuta wa mwaka jana umenakiliwa, ukabadilishwa jina tu. Tena iko ile ya pesa. Mimi nimewahi kuletewa habari kutoka shule moja kwamba nitume pesa "za mradi" wa kijana. Nilipouliza mradi ni upi na uko wapi, nikajibiwa kwamba wengine wameshatoa na mimi nisiwacheleweshe. Sisi tunaofanya kazi Mombasa, Voi na Nairobi, na watoto wako nyumbani na nyanya zao, ndio tunaokamatwa kwa urahisi. Hatuwezi kuja kutazama. Tunatuma kwa simu na kunyamaza.

Wako wanaosema, "Wacha mwalimu awasaidie watoto. Sisi ni watu wa nchi kavu, tutashindana namna gani na shule kubwa za Nairobi?" Maneno haya yanaingia tamu masikioni, lakini tuyapime. Kama alama zinauzwa, nani ana pesa za kununua nyingi? Si kuli wala fundi wa njia. Kama mradi unatengenezwa na fundi wa kukodi, ni mtoto wa nani atakayeleta kiti kizuri zaidi? Katika karatasi ya mtihani mtoto wa tajiri ana vitabu, taa na mwalimu wa jioni. Lakini katika kushika jembe, kusokota kamba ya kiondo, kukwangua mti mpaka ukawa kijiko, mtoto wetu hana haja ya kumwogopa mtu. Wakamba wanajulikana duniani kwa kazi ya mikono. Mutisya Munge wa Wamunyu, hapo jirani Machakos, aliporudi kutoka vita vya kwanza vya Wazungu, alirudi na ufundi wa kuchonga, na hakupewa na mtu alama za bure. Watu waliiona kazi yake. Basi pale ambapo mkono wa mtoto wetu ungemnyanyua, alama ya uongo inamsawazisha na yule ambaye hakushika kitu. Huo ndio wizi wenyewe, na anayeibiwa ni mtoto aliyefanya kazi kwa haki.

Tena tukumbuke yaliyokwisha kutokea. Mpango wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliambiwa watoto watasoma kazi za mikono. Wazazi wakajenga karakana kwa harambee. Lakini katika mtihani wa KCPE kazi ya mikono ilipimwa kwa karatasi, kwa kuchagua jibu moja katika manne. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni wakati wa mpango huo, na tuliweza kutaja aina za misumari bila kupigilia hata mmoja. Kufika mwanzo wa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani. Karakana zikawa stoo za madawati mabovu. Sasa kazi ya mikono imerudi na alama zake. Zikiandikwa kwa uongo, itakufa mara ya pili, na safari hii tutakuwa tumeiua sisi wenyewe.

Sasa nataka kusema juu ya mwalimu, maana haifai kumpiga mtu bila kumsikiliza. Mtu wa Kyuso, Mutomo au Kathonzweni anajua kwamba mvua yetu ya kutegemewa ni ile ya Oktoba mpaka Desemba. Mvua ya Machi mara nyingi inatudanganya. Lakini mradi wa Kilimo wa kidato cha nne hufanywa kuanzia mwanzo wa mwaka mpaka katikati. Yaani mtoto wa Kitui anaambiwa apande wakati baba yake mwenyewe anasitasita kupanda. Shule nyingi hazina maji ya kutosha kupikia, sembuse ya kunyweshea mboga. Mwalimu anatazama mimea imekauka, na siku ya kupeleka alama inakaribia. Juu yake kuna mkuu wa shule anayetaka shule ipande, na juu ya mkuu kuna wengine wanaouliza kwa nini jirani amepata zaidi. Mwalimu huyo anaitwa ofisini na kuambiwa, "Rekebisha alama hizi."

Hapo ndipo nakumbuka kazi yetu ya reli. Treni haitakiwi kuondoka stesheni ya mwanzo kabla breki hazijapimwa. Mkaguzi hutembea kutoka injini mpaka behewa la mwisho, akitazama kwamba breki zinashika na zinaachia. Ndipo anaandika cheti, anatia sahihi, anampa dereva. Dereva hakuitazama kila breki kwa macho yake. Anaiamini sahihi ya mwenzake, na kwa sahihi hiyo anateremka toka Nairobi mpaka Mombasa. Breki ni uhai. Tarehe 24 Juni 2002 huko Igandu, katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni bila kuzuilika, ikagonga treni ya mizigo, na watu zaidi ya 280 wakafa. Sitaji habari hiyo ili kumlaumu mtu wa kule. Naitaja ili tujue kitu gani kinabebwa na breki.

Sasa niambie. Mkubwa akimwambia mkaguzi, "Treni imechelewa, tia sahihi tu," naye akakataa, halafu akapelekwa stesheni ya mbali kwa adhabu, chama kitafanya nini? Kitasimama naye mpaka mwisho. Na mkaguzi mwingine akiuza sahihi yake kwa pesa, chama kitafanya nini? Hakitamtetea, maana anatuua sote. Alama ya shule ni cheti cha namna hiyo hiyo. Mwajiri, chuo cha ufundi na hospitali itakayomchukua mtoto kusomea uuguzi hawakumwona akifanya kazi. Wanaiamini sahihi ya mwalimu.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba vyama vya waalimu, KNUT na KUPPET, vitenganishe watu wawili hawa. KNUT iliundwa mwaka 1957, na waalimu wakapigania mwajiri mmoja mpaka TSC ikapatikana mwaka 1967. Hawakupigania mshahara peke yake. Walitaka mwalimu asiwe mtu wa kusukumwa na kila meneja wa shule. Basi leo mwalimu anayeamriwa kuandika uongo asukumwe na nani? Chama chake kimpe mtu wa kumkimbilia siku ile ile anapoitwa ofisini. Na yule anayeuza alama aachwe ajibu mwenyewe mbele ya TSC, ambayo kwa sheria ina uwezo wa kumfuta katika daftari la waalimu.

Tena kuna uovu mwingine unaokaa katika alama za siri, na sitaki tuupite kwa aibu. Mtu mmoja akishika alama za mtoto mkononi peke yake, bila mwingine kuona, ameshika fimbo. Kwa fimbo hiyo mtoto atachota maji nyumbani kwa mwalimu, atalima shamba la mwalimu, na binti anaweza kuambiwa mambo ambayo baba yake hatayasikia kamwe. Waalimu walio wengi ni watu wa heshima. Lakini ulinzi wa binti usitegemee heshima ya mtu mmoja. Utegemee alama kuwa wazi.

Naomba tufanye mambo manne.

La kwanza, kila mwanachama mwenye mtoto shuleni aombe kuiona kazi kabla ya kuuliza alama. Ukija likizo, uliza shamba liko wapi na daftari liko wapi. Kama huwezi kuja, nyanya yake aende. Hajui kusoma, lakini sukuma iliyonyweshwa anaijua kuliko wewe.

La pili, tusitume pesa za mradi bila karatasi ya shule inayoonyesha pesa ni za nini. Mbegu na mbao zina bei. Alama haina bei.

La tatu, wazazi waliomo katika halmashauri za shule watake mtoto asomewe alama yake na aione kabla haijapelekwa kwa Baraza, na mwalimu wa pili aitazame kazi pamoja na wa kwanza.

La nne, tupeleke sauti yetu kwa Baraza la Mitihani na kwa wakubwa wa elimu wa Kitui na Makueni kwamba ukame usihesabiwe kosa la mtoto. Mtoto aliyepanda, akanywesha, halafu akaandika katika daftari kwamba mimea yake ilikauka tarehe fulani kwa sababu kisima kilikauka, amefanya kazi na ameandika kweli. Apewe alama za kazi hiyo. Mwalimu akijua kwamba ukweli wa nchi yetu utapokewa, hatakuwa na haja ya kuota mvua ambayo haikunyesha. Na serikali ilete tangi la maji kabla ya kuleta fomu ya alama.

Ndugu zangu, reli inapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na Kitui haijafika mpaka leo. Lakini watu wa Kitui tunao kazini kila stesheni, na kilichowaleta ni kwamba walipoambiwa waonyeshe kazi, waliionyesha. Watoto wao nao watakuja kuambiwa hivyo. Siku hiyo alama ya bure haitawasaidia, na aliyeiandika hatakuwapo.

Katika mkutano wetu ujao wa tawi naomba jambo hili litiwe katika orodha, na ndugu waalimu waalikwe waje tuzungumze. Waje wale walioamriwa wakakataa. Tuwaambie kwamba hawako peke yao.

Umoja ni nguvu.

Mwenzenu,
Mfanya kazi wa reli, Makueni