Ulemo si Jangwa

Mtumishi wa Serikali anapopata barua ya uhamisho inayomwelekeza mkoa wa Singida, mara nyingi pole huwa nyingi kuliko pongezi. Wenzake ofisini humwambia kwamba amepelekwa jangwani, kwenye upepo na mawe, naye hufunga mizigo huku akihesabu miezi itakayobaki kabla ya kuomba kurudishwa. Mwalimu naye hufika shuleni akiwa na neno hilo hilo moyoni, na haupiti muda mrefu kabla wanafunzi hawajalipokea kutoka kinywani mwake. Leo tunapenda kulijadili neno hilo waziwazi, kwa sababu neno baya likishazoeleka huzaa matendo mabaya.

Ulemo ni kata katika wilaya ya Iramba, kwenye uwanda wa juu magharibi ya mji wa Singida. Wasafiri wengi waendao Nzega na Mwanza huipita nchi hiyo wakiwa wamesinzia ndani ya basi. Lakini atakayeshuka na kutembea kwa miguu yake atayaona majabali makubwa kama nyumba, mengine yamepandana kana kwamba mkono wa mtu umeyapanga, mengine yamesimama juu ya kitako chembamba hata mgeni akasita kupita chini yake. Katika nyufa zake mikuyu imepenyeza mizizi, na juu yake pimbi huota jua la asubuhi. Upande wa magharibi nchi huteremka ghafla kwenye mlima wa Sekenke, na chini yake imetandaa mbuga ya Wembere, ambayo masika hujaa maji na kiangazi hukauka mpaka udongo ukapasuka.

Je, hilo ni jangwa? Wataalamu wa hali ya hewa huita jangwa nchi ipatayo mvua chini ya milimita 250 kwa mwaka. Mkoa wa Singida, katika mwaka wa kawaida, hupata zaidi ya milimita 500. Ila mvua hiyo huja katika msimu mmoja, toka Novemba au Desemba hadi Aprili, na kisha hufuata miezi mirefu ya ukavu. Nchi hiyo hulima mtama, uwele na alizeti, hufuga ng'ombe na hutoa asali. Ni nchi kame kiasi. Si nchi iliyokufa.

Mawe yenyewe yana habari kubwa. Ni mawe ya itale, sehemu ya mwamba wa kale ulio chini ya Tanzania ya kati, ambao umri wake unazidi miaka milioni 2,500. Hakuna jitu lililoyapanga. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, wenye nyufa. Maji yakapenya katika nyufa hizo kwa muda usiohesabika, yakalainisha pembe za mwamba na kuugeuza udongo. Baadaye udongo huo ukachukuliwa na mvua na upepo, yakabaki mabonge magumu ya mviringo pale pale yalipokuwa. Mwalimu wa jiografia anayefundisha somo hili kwa mchoro wa ubaoni, na huku jabali lenyewe liko nyuma ya darasa, anawanyima wanafunzi wake kitabu ambacho Serikali haikuhitaji kukinunua.

Wageni hawakuidharau nchi hii. Mwaka 1909, wakati wa utawala wa Wajerumani, machimbo ya dhahabu yalifunguliwa Sekenke, na mwaka 1916, walipozingirwa na vita, Wajerumani hao walifua sarafu za dhahabu huko Tabora kwa madini ya Sekenke. Mkoloni aliona mali chini ya jiwe la Iramba, akaichukua. Sisi wenye nchi tumerithi kasumba ya kuliona jiwe hilo kuwa adhabu ya uhamisho.

Wala si dhahabu tu. Chini ya majabali ya Tanzania ya kati wazee wa kale walichora wanyama na watu kwa rangi nyekundu na nyeupe. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini michoro ya namna hiyo imo pia katika mkoa wa Singida. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda. Hata hivyo sheria haiwezi kulinda kitu ambacho mtendaji wa kata hakijui na mwalimu wa shule ya jirani hajapata kukiona.

Hapa ndipo neno jangwa linapoleta hasara. Kando ya barabara nyingi za mikoa ya kati, majabali huwashiwa moto wa kuni, au wa matairi chakavu, mpaka yakapasuka, kisha hugongwa kwa nyundo yawe kokoto. Kuni hizo zimetoka katika miti michache iliyobaki, na moshi wake hutia masizi ukuta wa pango ambao huenda una mchoro. Nani atauliza, iwapo tumekwisha kukubaliana kwamba pale ni jangwani?

Hatusemi kwamba mama anayegonga kokoto juani ni adui wa Taifa. Kokoto zake zimejenga zahanati na madarasa, na ujira wake ni mdogo kuliko jasho lake. Kumfukuza bila kumwonyesha njia nyingine ni uonevu. Tunachosema ni kwamba kijiji kichague kwa makusudi jabali la kuvunjwa na jabali la kuachwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji. Mamlaka hayo yatumike kabla ya nyundo, si baada yake.

Jabali lililoachwa nalo lina kazi. Mvua inyeshayo juu yake hailowi ndani. Karibu yote huteremka chini, na ndiyo sababu udongo wa mguuni pa jabali hukawia kukauka. Wenzetu wa Kitui, nchini Kenya, wamejenga kuta fupi juu ya majabali ya namna hiyo, wakakinga maji ya mvua na kuyatumia wakati wa kiangazi. Na majirani wa Kondoa wametuachia fundisho jingine. Mmomonyoko ulipokwisha kuzitafuna nchi zao, mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Wafugaji walilipia gharama kubwa, lakini majani na miti ikarudi. Ni nafuu kuitunza nchi kabla haijafikia hatua ya kuondoa ng'ombe wa watu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja ardhi kuwa mojawapo ya mahitaji manne ya maendeleo, pamoja na watu, siasa safi na uongozi bora. Halikusema ardhi yenye rutuba peke yake. Kwa hiyo tunawaomba watumishi walioko Iramba na kwingineko watumie siku moja ya mapumziko kwenda kuyaona majabali hayo wakiongozwa na wazee wa kijiji. Walimu wawapeleke wanafunzi kwa miguu, wapime, wachore, waulize majina ya kila jabali na kuyaandika, kwa kuwa wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua. Safari hiyo haihitaji fungu la fedha wala kibali cha Wizara.

Na barua nyingine ya uhamisho wa Singida itakapofika ofisini, tusimpe mwenzetu pole. Tumwulize atakaporudi likizo ameona nini.