Absinti haikunywiwe kama lutuku

Ndugu yetu moja alirudi toka Ubelgiji na chupa ya absinti, alkoli 68 kwa mia. Siku ya mushahara tukaikunywa vile tulizoea lutuku: bila maji, mara moja mpaka chini. Koo likaungua, machozi yakatoka, na bamama wakatucheka sana.

Kosa lilikuwa letu. Absinti inaomba maji. Tia kidogo tu mu vere, weka juu yake kijiko chenye matundu na kipande cha sukari. Kiisha umwange maji ya baridi, tone kwa tone, mara tatu ao tano kupita pombe yenyewe. Kijani inageuka nyeupe kama maziwa, harufu ya anisi inapanda. Kuiwasha moto ni michezo ya baa tu.

Mu 1898 ilikatazwa hapa Kongo, mu 1906 kule Ubelgiji. Walisema majani yake machungu yanaleta wazimu. Sisi tunaona wazimu ulitoka mu alkoli, na ile alkoli iko hata mu lutuku, yenye hakuna mutu anaisingizia majani.

Chupa ingali nusu. Tutaimaliza siku ya kupumuzika, hapana usiku wa kuamkia mine.